Wahandisi wa 'wingu' wafunzwe pia kwa Kiswahili

Umezuka mtihani mpya vyuoni mwetu. Haukutungwa na Baraza la Mitihani, silabasi yake haikupitishwa na wizara, wala hakuna chuo kikuu kinachousimamia. Ni mtihani wa makampuni. Vijana wa uhandisi na wa sayansi ya kompyuta hukesha mabwenini wakijiandaa kuufanya, wazazi huombwa fedha za kuulipia, na waajiri huutaja katika matangazo ya kazi sambamba na shahada. Nazungumzia vyeti vya kitaaluma vya uhandisi wa mitandao ya wingu, yaani ule ujuzi wa kuunganisha kompyuta za shirika fulani na zile linazozikodi katika vituo vikubwa vya data vya Google, Amazon, Microsoft na makampuni mengine ya aina hiyo.

Mimi si mhandisi. Taaluma yangu ni isimu, na bila shaka msomaji atajiuliza ni nini kilichomtoa mwanaisimu katika fonolojia na mofolojia hata akajitumbukiza katika mambo ya nyaya. Jibu ni kwamba mtihani huu unapima lugha karibu sawa na unavyopima ujuzi wa mitambo. Aidha, naamini kwamba vijana wengi wenye akili pevu huishia kuukariri badala ya kuuelewa kwa sababu hatujawapa nafasi ya kuyafikiria mambo yake kwa lugha wanayoitumia wanapojadiliana wao kwa wao. Rai yangu ni hii: mwanafunzi asiyeweza kumweleza mwenzake kwa Kiswahili jinsi data inavyosafiri kutoka tawi la shirika hadi kituo cha data, na ni nini kinachoizuia au kuiruhusu njiani, hajawa tayari kuulipia mtihani huo. Na mwalimu asiyemdai maelezo hayo hajaikamilisha kazi yake.

Hebu tuutazame kwanza mtihani wenyewe. Ule wa Google wa wahandisi wa mitandao ya wingu huwa na maswali kati ya 50 na 60, hufanywa kwa saa mbili, na ada yake ni dola 200 za Marekani bila kodi. Cheti chake hudumu miaka miwili tu, kisha mwenyewe hulazimika kukihuisha. Ule wa Amazon wa kiwango cha juu una maswali 65 yanayojibiwa kwa dakika 170. Ada ni dola 300 na cheti hudumu miaka mitatu. Dola moja ikibadilishwa kwa shilingi 129 hivi, ada ya kwanza inakaribia shilingi 26,000 na ya pili shilingi 39,000. Anayeanguka mtihani wa Google husubiri siku 14 kabla ya kujaribu tena, na ada hulipwa upya. Ikumbukwe pia kwamba Google yenyewe hupendekeza mtahiniwa awe na tajriba ya kazi ya miaka mitatu au zaidi, ukiwemo angalau mwaka mmoja wa kusanifu na kusimamia mifumo ya wingu. Mwanafunzi wetu wa mwaka wa tatu huenda hana hata mwezi mmoja. Kwa mzazi anayeuza mboga sokoni, kuanguka mara moja ni hasara; kuanguka mara mbili ni msiba.

Mitihani hiyo hutolewa kwa Kiingereza, na baadhi yake kwa lugha nyingine kama vile Kijapani. Kiswahili hakimo. Sikusudii kulalamikia jambo hilo leo, kwani makampuni hufuata soko. Ninalokusudia ni kuuliza sisi tulio madarasani tunafanya nini na hali ilivyo.

Swali la kawaida katika mtihani huo halimtaki mtahiniwa ataje maana ya neno. Ni kisa. Tuchukue mfano wa kubuni. Chama cha akiba na mikopo kina matawi Kisumu, Nyeri na Mombasa. Hesabu za wanachama zimehamishiwa katika kituo cha data kilichoko Johannesburg. Matawi yanahitaji kuzifikia hesabu hizo bila siri za wanachama kuonekana na wapita njia wa intaneti. Kazi isisimame hata kama njia moja imekatika. Na halmashauri imetangaza kuwa haina fedha nyingi. Mtahiniwa hupewa majibu manne. La kwanza linapendekeza chama kikodi waya wake chenyewe wa moja kwa moja hadi kwa kampuni. La pili linapendekeza njia mbili za siri zipitazo ndani ya intaneti ya kawaida, moja ikifa nyingine ishike. La tatu linapendekeza njia moja ya siri. La nne linapendekeza kila tawi lipewe nakala yake ya hesabu. Takriban yote yanaweza kufanya kazi kwa namna fulani. Kinachoteua jibu moja ni vishazi vidogo: 'haina fedha nyingi' kinaliondoa la kwanza, na 'hata kama njia moja imekatika' kinaliondoa la tatu. La nne linaondolewa na mantiki, kwa kuwa hesabu moja ikishagawanyika kuwa nakala nne, mtu hajui tena aliyesawazisha deni ni nani.

Mwalimu yeyote wa lugha anaufahamu mtego huu. Ni ule ule wa ufahamu tunaowapa watoto wa darasa la nane na wa kidato cha nne. Mwanafunzi asomaye kwa kuokota nomino anazozijua hukimbilia jibu lenye neno zito kuliko yote. Anayesoma vishazi tegemezi na vielezi ndiye anayepata alama. Kwa hiyo mtihani wa wingu ni, kwa sehemu yake kubwa, mtihani wa kusoma kwa makini kisa cha watu wenye shida, kuzipima shida zao, na kuchagua. Hilo halikaririki.

Hata hivyo, tunakariri. Kuna biashara kubwa ya maswali yaliyovuja, na vijana wetu huyanunua, wakayameza pamoja na majibu yake, yawe sahihi au la. Mbali na kwamba huko ni kuiba, na kwamba kampuni hukifuta cheti cha anayegunduliwa, njia hii ina kasoro kubwa zaidi. Kisa kikibadilishwa kidogo tu, kwa mfano halmashauri ikisema fedha zipo lakini kazi isisimame hata saa moja, aliyekariri hujibu kisa cha jana.

Majuzi mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta alinijia ofisini akitaka nimsaidie kuandika barua ya kuomba kazi. Alikuwa ameorodhesha humo mambo kumi na mawili ya mitandao ya wingu aliyoyamudu, yote kwa vifupisho vya herufi tatu tatu. Nilimwomba anieleze kwa Kiswahili chochote, hata cha Eastleigh au Kondele, lolote kati ya hayo kumi na mawili. Alianza vizuri, akasita, akarudia kile kifupisho, kisha akasema, "Mwalimu, hii haina Kiswahili." Nilimwambia achore. Alichora visanduku viwili na mshale katikati, lakini nilipomwuliza mshale ule unapita wapi na nani anaulinda, hakuwa na jibu. Kijana huyu si mjinga. Ana alama nzuri kuniliko nilipokuwa rika lake. Tatizo lake ni kwamba hakuna aliyewahi kumwuliza swali hilo. Alikuwa amejifunza majina bila vitu.

Sasa natua katika uwanja wangu. Istilahi nyingi za taaluma hii ni sitiari, na sitiari husafiri vibaya. Lichukue neno lenyewe 'wingu'. Wahandisi wa simu na wa kompyuta walikuwa na mazoea ya kuchora wingu katika michoro yao kuonyesha ile sehemu ya mtandao ambayo mchoraji hana haja ya kueleza undani wake. Data inaingia upande huu, inatokea upande ule. Yaliyomo katikati ni ya mwenye mtandao. Hivyo wingu la mhandisi maana yake ni 'usiulize kilichomo'. Kwetu sisi wingu liko juu, ni jepesi, na dalili ya mvua ni mawingu. Ndiposa utawasikia hata wasomi wakisema kwamba picha zao 'ziko hewani'. La hasha! Ziko ndani ya jengo lenye kuta, umeme na walinzi, nazo hufika huko kwa nyaya zilizolala chini ya bahari. Mwanafunzi akiambiwa tangu siku ya kwanza kwamba wingu ni kompyuta ya mtu mwingine katika jengo la mtu mwingine, na kwamba kazi yake ni kutengeneza njia ya kufika huko salama, nusu ya somo imekwisha.

Neno la pili ni lile ambalo baadhi yetu tumelitafsiri 'ukuta wa moto'. Hii ni tafsiri sisisi, na inapotosha. Wajenzi wa Ulaya waliliita hivyo ukuta unaozuia moto wa chumba kimoja usienee hadi cha pili. Kwa Kiswahili, ukuta wa moto ni ukuta unaowaka! Anayelisikia mara ya kwanza hudhani ni silaha ya kumchoma adui. Ilhali tunalo neno zuri la pwani, bawabu, yule mlinzi wa mlangoni aliyekabidhiwa orodha ya wanaoruhusiwa. Tukilitumia, tunaweza hata kuifafanua tofauti inayowasumbua watahiniwa wengi wa Amazon. Huko kuna mabawabu wa aina mbili. Wa kwanza ana kumbukumbu: akikuruhusu kutoka kwenda kuuliza swali, jibu lako likirudi hulifungulia mlango bila maswali, kwa kuwa anakumbuka ulitoka. Wa pili hakumbuki lolote: kila aingiaye na kila atokaye humpima upya kwa orodha yake, hivyo usipoandika ruhusa ya kwenda na ruhusa ya kurudi, jibu lako litalala nje. Maelezo hayo yametumia sentensi chache na hayakuhitaji hata neno moja la Kiingereza.

Bawabu wa Google naye ana kumbukumbu, lakini amri zake hupangwa kwa namba, na namba ndogo ndiyo yenye nguvu. Amri ya namba 100 huishinda ya namba 1000. Wanafunzi hulichanganya hili kila mara, ingawa katika maisha yao yote ya shule aliyekuwa namba moja darasani ndiye aliyemshinda wa namba arobaini.

La tatu ni muungano wa mitandao miwili ya faragha ndani ya wingu. Mtihani hupenda kuuliza hivi: mtandao wa kwanza umeunganishwa na wa pili, na wa pili umeunganishwa na wa tatu, je, wa kwanza unaweza kuufikia wa tatu? Jibu ni la, mpaka uunganishwe nao moja kwa moja au kuwekwe kitovu maalumu cha kuwakutanisha wote. Anayekariri husahau. Mimi ningeuita muungano huo 'ujirani', na kitenzi chake kiwe 'kupakana'. Kenya inapakana na Tanzania, na Tanzania inapakana na Zambia. Sijapata kumsikia mtoto wa shule akisema kwamba Kenya inapakana na Zambia. Kauli ya kutendana imekwisha kuieleza kanuni, na anayekijua Kiswahili hana haja ya kuimeza.

La nne ni anwani. Anwani ya IP ya toleo la nne ina biti 32. Tunapoandika 10.0.0.0/24, ule mkwaju na namba inayoufuata husema kwamba biti 24 za mwanzo ni jina la mtaa, na zilizosalia, yaani 8, ni za namba za nyumba. Biti 8 hutoa namba 256. Amazon hujitwalia tano katika kila mtaa mdogo, zikabaki 251. Google hujitwalia nne. Sasa tuseme vyuo viwili vinaungana, na kila kimoja kilikuwa kimeupa mtandao wake anwani za 10.0.0.0/16, yaani namba 65,536 zile zile. Mitandao hiyo haiwezi kufanyiwa ujirani, kwa sababu barua iliyoandikwa 'nyumba namba tano' haina njia ya kujua ni namba tano ya chuo kipi. Kulirekebisha kosa hilo baada ya miaka mitano ya kazi ni sawa na kubadilisha namba za nyumba za mji mzima watu wakiwa wamelala ndani. Mwanafunzi aliyelielewa hili kwa mfano wa mtaa hupanga anwani zake mapema. Aliyejifunza kuzidisha mbili mara nane tu hupata hesabu sahihi na mji usiokalika.

Baadhi ya wasomaji watasema kuwa haya ni mambo ya ng'ambo. Sivyo. Historia yetu wenyewe ni somo la mitandao. Kabla ya mwaka wa 2000, ujumbe uliotoka kwa mteja wa kampuni moja ya intaneti jijini Nairobi kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine, hata kama ofisi zao zilitazamana barabarani, ulipanda setilaiti ukaenda ng'ambo na kurejea. Mwaka huo makampuni yakaanzisha kituo cha kubadilishana data humu nchini, KIXP. Kilifungwa mwezi wa Disemba kwa amri ya tume ya mawasiliano kufuatia malalamiko ya shirika la simu lililokuwa na ukiritimba, kikafunguliwa tena mwaka wa 2002. Mwaka wa 2009 nyaya za TEAMS na SEACOM zilitua Mombasa, na ile ya EASSy ikaanza kazi mwaka wa 2010. Kila hatua kati ya hizo ilihusu swali lile lile ambalo mtihani wa wingu unauliza: data yetu ipite wapi, kwa bei gani, na njia ikikatika tutafanyaje?

Mnamo Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika upande wa kusini mashariki mwa Afrika, na intaneti ikadorora hapa Kenya, Tanzania, Uganda na kwingineko. Mashirika yaliyokuwa yamekodi njia mbili yalidhani yamejikinga. Lakini njia mbili zikiwa zimelala katika waya mmoja, au katika nyaya mbili zinazopita mahali pamoja baharini, ni njia moja yenye majina mawili. Hapo ndipo mtu anapotambua tofauti kati ya ahadi ya kupatikana kwa asilimia 99.9 na ile ya asilimia 99.99. Kwa macho ni tarakimu moja tu. Kwa saa za mwaka, ya kwanza inaruhusu kusimama kwa karibu saa 9. Ya pili, dakika 53. Kwa hospitali, tofauti hiyo si ya hesabu peke yake.

Wakubwa pia huanguka. Oktoba 4, 2021, amri moja iliyotolewa wakati wa matengenezo ya kawaida ilivikata vituo vya data vya Facebook kutoka kwa vingine. Seva zake za majina, zilipoona haziwezi kuvifikia vituo hivyo, ziliacha kuitangazia dunia njia za kuzifikia kupitia itifaki ya BGP, ambayo ndiyo mitandao huitumia kuambiana 'anayetaka kufika kwa fulani na apitie kwangu'. Kwa muda wa saa sita hivi, Facebook, Instagram na WhatsApp zilitoweka. Kompyuta zenyewe zilikuwa zima. Dunia ilikuwa imeambiwa tu kwamba hazina njia. Simulizi hiyo ingeelezwa darasani kwa Kiswahili kwa dakika kumi, hakuna mwanafunzi ambaye angeisahau BGP maisha yake yote.

Najua pingamizi zitakazotolewa. La kwanza ni kwamba mtihani ni wa Kiingereza, kwa hivyo kuufundisha kwa Kiswahili ni kumpotezea mtahiniwa wakati. Pingamizi hili lingekuwa na nguvu kama ningependekeza Kiingereza kiondolewe. Sipendekezi hivyo. Majina ya Kiingereza yajulikane, yaandikwe, yasomwe kwa ufasaha, maana bila hayo hakuna cheti wala kazi. Ninachosema ni kwamba jina hufuata dhana. Aliyeishika dhana hujifunza jina lake jipya kwa siku moja, hata kampuni inapolibadilisha, na makampuni haya hubadilisha majina ya huduma zao mara kwa mara. Aliyeshika jina pekee huanza upya kila wanapolibadilisha.

La pili ni kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha. Huu ni wimbo wa zamani. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia mwaka wa 1990. Tulipokuwa shuleni, watu walipoteza wino mwingi wakibishana iwapo tuseme 'kompyuta' au 'tarakilishi', na katika ubishi huo wote hakuna aliyemfundisha mtoto jinsi chombo chenyewe kinavyofanya kazi. Tusilirudie kosa hilo. Seva, ruta, faiba na biti ni maneno ya Kiswahili kama yalivyo meza tuliyoipata kwa Wareno na shule tuliyoipata kwa Wajerumani. Lililo la lazima ni sentensi inayolizunguka neno, kwa kuwa maelezo hukaa katika vitenzi na vishazi, na hivyo Kiswahili kinavyo tele.

La tatu lina uzito zaidi. Wapo watakaosema kwamba Kiswahili sanifu si lugha ya kwanza ya wanafunzi wengi wa Kenya, na kwamba huko mabwenini husemwa Sheng. Ni kweli. Anayemweleza nduguye kwa Kijaluo au Kikamba jinsi bawabu asiye na kumbukumbu anavyofanya kazi amefanya jambo lile lile ninalolitaka. Lakini darasani hukutana vijana wa lugha mbalimbali, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wote. Tena Katiba ya mwaka wa 2010 imekifanya lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Kama kinafaa bungeni, kitafaa mbele ya ubao wenye mchoro wa mtandao. Hiyo Sheng yao ni ushahidi wa upande wangu: inaonyesha kwamba wanapotaka kuelewana kwa dhati, hukiacha Kiingereza mlangoni.

Basi tufanye nini? Kwanza, mwalimu wa mitandao atenge dakika kumi katika kila kipindi. Mwanafunzi mmoja asimame, achore mtandao ubaoni, aueleze kwa Kiswahili bila kutaja kifupisho hata kimoja, na wenzake wamwulize: hapa pakikatika? Huyu akitaka kurudi? Gharama ni ya nani? Jambo hili halihitaji bajeti wala idhini ya seneti ya chuo.

Pili, idara za Kiswahili na za kompyuta, ambazo katika vyuo vingi hupakana lakini hazisalimiani, ziketi pamoja zitunge orodha fupi ya istilahi mia moja za mitandao ya wingu. Kila istilahi ipewe maelezo na mchoro, na ijaribiwe kwa wanafunzi kabla ya kuchapishwa. Wanaisimu tusijifungie kubuni maneno ambayo hakuna mhandisi atakayeyatamka, na wahandisi wasitafsiri neno kwa neno wakatuachia kuta zinazowaka.

Tatu, walimu wa lugha tusaidie kufundisha usomaji wa maswali hayo ya visa, kwa Kiingereza chake hicho hicho, kama tunavyofundisha ufahamu. Mwanafunzi apigie mstari masharti ya kisa kabla ya kutazama majibu. Hiyo ni kazi yetu, na hakuna mhandisi atakayeifanya vizuri kutushinda.

Nne, kwenu wanafunzi. Msilipe ada mpaka mmejenga. Makampuni haya humpa mtumiaji mpya kiasi fulani cha matumizi ya bure. Kitumieni kuunda mitandao midogo miwili, ifanyieni ujirani, wekeni bawabu, kisha kateni njia makusudi mwone kinachotokea. Mkishindwa, elezaneni kwa Kiswahili sababu ya kushindwa. Siku mtakapoweza kuitabiri hitilafu kabla ya kuisababisha, hapo pelekeni shilingi 26,000 za wazazi wenu.

Nasisitiza haya kwa sababu ya kazi iliyo mbele ya cheti. Usiku mmoja mtandao wa hospitali ya kaunti utazimika, na mhandisi kijana ataamshwa. Muuguzi mkuu, ambaye hawezi kuyafungua majalada ya wagonjwa wake, hatamtaka ataje vifupisho. Atamwuliza kwa Kiswahili kumetokea nini, njia ipi imekatika, mambo yatarejea lini, na wafanye nini kwa sasa. Kijana huyo atapaswa kujibu mara moja kwa maneno ambayo muuguzi ataweza kuyafanyia kazi. Walimu wenzangu, tumfunze kujibu tangu akiwa darasani.